Mwonja Mikate Anayeuogopa Mkate

Saa nne kasoro robo mlango wa tanuri unafunguliwa, joto linawapiga watu usoni, na wafanyakazi wote wanamgeukia mwanamke mmoja mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani.

Anachukua mkate wa kwanza, anaupasua kwa vidole, anaunusa. Kisha anasimama nao mkononi. Kijasho chembamba kinamtoka, na si cha tanuri.

"Ulimi, tunakusubiri wewe," mkandaji unga anamwambia. "Au siku hizi mkate unauma?"

"Unauma, kaka. Tena tumboni."

Wenzake wanacheka. Yeye anafumba macho, anang'ata, anatafuna, anameza. "Chumvi iko sawa. Toeni."

Ulimi ndilo jina walilompa miaka kumi na tisa iliyopita. Katika kiwanda hiki kidogo, mkate hautoki mlangoni kabla hajaonja wa kwanza. Tanuri hujazwa mara sita kwa siku, naye huonja mara sita.

Ana miaka arobaini na minne. Mama yake alifariki akiwa na arobaini na sita, amebaki mifupa, na hakuna aliyejua alikuwa anaumwa nini. Ndiyo maana mwaka jana, sketi zilipoanza kumvuka na mizani ikaonyesha amepungua kilo kumi na moja, hakumwambia mtu.

"Nilitia pini kiunoni. Kila wiki nikawa naisogeza," anasema. "Nilijua nimeshika njia ya mama."

Mteja mmoja ndiye aliyemtajia gluteni, ile protini ya ngano inayofanya unga uvutike bila kukatika. Wapo watu ambao miili yao haipatani nayo. Utumbo unachubuka, na wanachokula hakiwajengi. Ulimi alishtuka. Mvutiko huo ndio anaoupima kwa vidole kila asubuhi kabla ya kusema unga umekandwa vya kutosha.

Akaacha ngano siku hiyo hiyo, kimyakimya. Nyumbani akala wali, viazi na mahindi. Kazini akawa ananusa mkate na kuitikia kwa kichwa, kana kwamba ameonja. Tumbo likatulia. Akaongezeka kilo mbili.

Wiki ya tano, unga ukatiwa chumvi mara mbili kwa bahati mbaya. Pua haijui chumvi. Mikate mia mbili na arobaini ikatoka, na kabla ya adhuhuri ikawa imerudi yote.

"Bosi hakunigombeza," anasema, akifuta meza ambayo tayari ni safi. "Aliniuliza tu, 'Dada, ulionja?' Nikasema ndiyo. Uongo ule ulinikata kuliko tumbo."

Jioni hiyo alimfungukia mumewe, fundi viatu, na kesho yake wakaenda pamoja hospitali. Huko akaambiwa jambo ambalo hakulitarajia. Alikosea kuacha ngano kabla ya kupimwa.

"Mama, damu yako imenyamaza," daktari alimwambia. "Tukikupima leo tunaweza tusione kitu, hata kama ugonjwa upo. Rudi kwenye mkate, kila siku, wiki sita. Ndipo tupime."

"Nile kinachoniua?"

"Hatujajua kama ndicho. Na ukizidiwa, usingoje tarehe, njoo."

Wifi yake haoni sababu ya mateso hayo. "Wifi, si umeshapata nafuu? Unatafuta nini tena? Kula viazi vyako, ukae kimya!"

Alikaribia kumsikiliza. Lakini asubuhi moja binti yake wa miaka kumi na mmoja alisukuma chai na mkate pembeni, akajishika tumbo. Daktari alikuwa amesema ugonjwa huu huandama ukoo, na mama akikutwa nao, watoto nao hupimwa.

"Mimi naweza kuishi kwa kubahatisha," anasema. "Yeye siwezi kumlea kwa kubahatisha."

Leo ni siku ya kumi na saba tangu aurudie mkate. Maumivu yamerudi, na pini imerudi kiunoni. Bosi ameambiwa kila kitu, pamoja na ule uongo. Naye akaagiza mkandaji unga aanze kufundishwa kuonja. Majibu yakithibitisha ugonjwa, Ulimi ataondoka kwenye vumbi la ngano na kuhamia dirisha la kuuzia.

"Mkandaji ana ulimi wa mbao," analalamika. "Jana kaniambia mkate una ladha ya mkate!"

Anacheka kidogo, halafu anaacha.

"Naogopa majibu yakiwa ndiyo, maana nitajua mama alikufa kwa kitu ambacho kingezuilika. Na naogopa yakiwa hapana, maana nitakuwa naumwa na sijui naumwa nini."

Siku ya majibu mumewe atafunga kibanda chake cha viatu waende wote. Ulimi amepanga karatasi asiishike yeye.

"Asome kwanza mume wangu, kimoyomoyo," anasema. "Mimi nitamtazama usoni. Yule baba hajui kuficha kitu."