Chombo cha Maziwa Nilichokiosha kwa Sabuni

Ayeeyo, bibi yangu mzaa mama, haoni. Macho yake yalifungwa na uzee polepole, kama maduka yanavyofungwa Ijumaa, moja baada ya jingine. Lakini katika nyumba yetu ya mtaa wa Waberi, hapa Garissa, hakuna anayeona mbali kumshinda, kwa sababu ya kapu lake. Mgeni angedhani ni takataka: kengele ya mbao ya ngamia, kifungo cha shati la marehemu babu, jiwe laini aliloliokota Liboi, kule mpakani. Akitikisa kengele, wallahi ngamia mia tatu wanapita sebuleni, nami hujikuta nimekunja miguu nisikanyagwe.

Chini ya vyote ilikaa dhiil, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, kisichovuja hata tone. Mama yake aliisuka akimwandalia nyumba ya ndoa, kama ilivyo desturi yetu. Kisha mama huyo akafia njiani, ukoo ukihama na mifugo huko nyuma ya Ijara. Wakamzika, wakafunga mizigo, wakaendelea. Kaburi halijulikani lilipo. Basi kila Ijumaa baada ya alasiri Ayeeyo alifungua kifuniko, akaingiza pua, akavuta moshi mkongwe uliolala humo, akaanza kuzungumza na mama yake. Hiyo ndiyo ilikuwa ziara yake ya kaburi.

Mimi nami nikamaliza masomo ya ngumbaru, nikapewa cheti. Elimu ilinijaa kichwani hadi ushungi ukanibana. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alikuwa ametufundisha habari za vijidudu, nami nikaapa kuviangamiza vyote kuanzia Garissa hadi mpakani. Asubuhi moja, Ayeeyo amelala, nikaitwaa dhiil nikaisugua kwa maji moto na sabuni ya unga. Povu lilitoka hadi barabarani, mbuzi wa jirani wakalikimbia. Nikaianika juani, ikanukia maua ya kwenye pakiti.

Mtoto yeyote wa wafugaji anajua dhiil haioshwi hivyo. Husafishwa kwa kijinga cha moto. Moshi ndio sabuni yake. Hata mimi nilijua, tangu sijaota meno. Cheti kilikuwa kimenisahaulisha.

Ijumaa ikafika. Akafungua, akanusa. Akanusa tena.

"Nani huyu?"

"Ni dhiil yako, Ayeeyo."

"Dhiil yangu naijua. Nauliza, huyu aliyemo ndani ni nani?"

Nikakiri. Hakufoka, afadhali angenichapa. Alikifunika chombo, akageukia ukuta, na kwa siku mbili hakugusa kengele wala jiwe. Nyumba ikanyamaza hadi nzi wakaona haya kuruka.

Siku ya tatu nikaenda kwa habaryar wangu, mama mdogo anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, nikamwomba kuni zile wanazofukizia vyombo.

"Eh, msomi!" Alicheka mpaka madumu yake yakatikisika. "Kwani hicho cheti hakitoi moshi? Kichome tujaribu!"

Lakini kuni alinipa. Nikaingiza kijinga, nikazungusha, nikakung'uta majivu, nikarudia. Nilipompelekea mara ya kwanza, Ayeeyo alisema, "Huyu anapika." Mara ya pili, "Huyu nyumba yake imeungua." Nikarudi uani kila siku, hadi macho yangu yakavimba kama nyanya na mji mzima, nadhani, ukanukia mimi.

Ijumaa iliyofuata nilimwekea dhiil mapajani. Jua la alasiri lilikuwa limelegea dirishani, moshi ukitambaa taratibu juu ya mkeka, na chumba kikawa kama kinaelea. Alinusa kwa muda mrefu.

"Huyu si mama," akasema.

Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa kidole.

"Si mama. Ila ni jirani yake. Wanachota maji kisima kimoja."

Akaiinamia dhiil, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya msichana aliyetumwa kwa watu.

"Assalamu aleykum, jirani. Mifugo haijambo? Mvua mmepata? Na mama yangu, umemwona leo?"

Akatega sikio. Kisha akaanza kuitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepewa habari ndefu. Nikausogeza mkeka karibu, nami nikatega.