Kizibo Kilichopinda

Juzi niliona dukani chambo cha bati kilichopindwa makusudi, nikaukumbuka mchana mmoja wa utotoni kwenye mkondo wa Mtoni. Mama alikuwa kwenye foleni ya unga, na kitoweo alituachia mimi na dada Rehema. Matope ya mikoko yalinuka kama mayai viza. Rehema alivua kwa nyungunyungu. Mimi nilifunga ndoano kwenye kizibo cha soda, nilichokigonga kikanyooka na kukisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, maana niliamini samaki hupenda mapambo.

"Unavua samaki au unamposa?" Rehema aliuliza. "Leo tunakula ugali kwa chumvi, mdogo wangu."

Nilipokirusha, kizibo kikagonga jiwe, kikapinda, kikatumbukia majini. Nilitaka kulia. Nikavuta mshipi harakaharaka nikakinyooshe, mara mshipi ukanivuta mimi.

"Usiachie, we!" Rehema alinidaka kiunoni, tukaanguka matopeni, samaki aina ya kolekole akirukaruka juu ya tumbo langu.

Sasa najua samaki yule alifuata kule kupinda, kulikokifanya kizibo kiyumbe kama dagaa mgonjwa. Lakini jioni ile, samaki akinukia jikoni, mie nilikuwa uani na jiwe, nakigonga kizibo kinyooke, ili kesho tupate mkubwa zaidi.