Magamba Yalienda Wapi

Samaki yule hakutugharimu hata senti. Nimehesabu, nikarudia, jibu ni lile lile. Ndicho kitu pekee kilichoingia kwetu Lindi, kijiji cha Kibera, bila mimi kukibishania bei, na kilichukua akili ya kifungua mimba wetu.

Mume wangu alikuwa akivunja betri kuukuu za magari. Risasi, ile metali nzito iliyokuwa ndani, aliiyeyusha kwenye jiko la makaa, akaimimina katika vishimo vya mchanga mbichi. Ikipoa, ni vizito vya nyavu, vya kupelekea wavuvi nyumbani ziwani. Kibera ilikuwa na harufu mbaya zaidi ya hiyo, kwa hivyo moshi wetu haukumshtua mtu.

Mtoto alipoanza kuota meno, baba yake alichonga ngege, samaki wa ziwani kwao, kwenye kipande cha sabuni, akamgandamiza mchangani, akamimina risasi iliyobaki. Akatoka samaki wa urefu wa kidole, ana jicho, mkia na magamba. Akampitishia uzi kwenye jicho, akamvisha mtoto shingoni.

"Mtoto wa ziwa," akasema, "ajue kwao hata akiwa Nairobi."

Samaki alikuwa baridi. Ufizi ukatulia, kilio kikaisha.

Mimi niliogopa uchafu. Kuhara kulikuwa kunazunguka mtaani, basi kila samaki akigusa chini nilimchemsha kwa sufuria ya uji. Jirani akapita, akachungulia.

"Mama, supu ya huyo itaiva lini? Nilete ugali?"

"Leta na nyanya," nikamjibu. "Mafuta ninayo."

Maji yenyewe sikuyamwaga. Lindi maji ni ya kununua kwa mtungi, nani amwage? Niliyakorogea uji wa mtoto.

Akachelewa kuongea. Tumbo likawa linamsokota, midomo ikapauka. Tulihamia Kawangware, mume wangu akahama na jiko lake, mimi nikauza sukuma wiki, na mtoto alipofika umri wa shule nikamketisha kando yangu ajifunze chenji. Alihesabu mpaka sita, akasimama, akaniangalia kama mtu aliyefika kwake akakuta nyumba imebomolewa.

"Mathe, kisha?"

"Saba."

"Saba," akasema, akaanza tena moja.

Mwalimu wake aliniita. "Mama, huyu si mvivu. Kuna mahali anapotelea."

Nikampeleka kliniki, Riruta Satellite. Daktari aliuliza baba anafanya kazi gani, halafu akauona uzi.

"Anamtafuna?"

"Alipokuwa mdogo. Siku hizi anamnyonya tu, akifikiria."

Akamgeuza samaki kiganjani. Alikuwa laini kama kokoto ya mtoni.

"Hii ni sumu, mama. Inaingia kwenye ubongo unaokua, na ikishaharibu, hapatengenezeki."

Maneno yaliyonitoka ni haya tu: "Alikuwa na magamba."

Siku hiyo nililizima lile jiko la risasi. Mume wangu nilimwambia daktari amekataza moshi. Habari ya samaki sikumwambia. Nilisema amepotea, nikamficha ndani ya mkebe. Mume wangu alikufa akijua alimwachia mwanawe zawadi moja nzuri. Mpaka leo, nyumba ikinyamaza, nasikia yule samaki akigonga meno madogo.

Mwanangu sasa ni mtu mzima, anavuta mkokoteni, na wenzake humhesabia malipo. Mkewe ana mimba. Juzi alikuja, akakaa, akauliza, "Mathe, yule samaki wa mzee hukumpata? Mtoto wangu ataota meno."

Hatampata, hiyo haina kujadiliana. Lakini nimwambie nini? Nikisema ni sumu, atauliza nani alimtia mdomoni, nani alimpikia uji, na baba yake hayupo ajitetee. Nikishikilia kuwa amepotea, atamtengeneza mwingine kwa mkono wake. Alikaa uani akimwangalia baba yake, na hilo hakulisahau.

Wewe unayesoma, nishauri. Ungekuwa mimi, ungeanza na neno gani?