Kahawa ya Kuuza

Nilinunua mashine ya espreso kwa sababu nilishakuwa mtu wa maana, na mtu wa maana hawezi kuendelea kunywa kahawa ya kopo anayoikoroga kwa kijiko. Hayo ndiyo maelezo niliyompa mume wangu. Aliyasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mashine hiyo inachemsha na maharage, kisha akarudi kwenye chai yake ya tangawizi.

Ukweli ni kwamba baba alikuwa amenipigia simu kutoka Umatengo. Kwa sauti ileile anayotumia kutoa taarifa za mvua, aliniambia kwamba akimaliza kuvuna msimu ule atang'oa mibuni yote apande parachichi. Kule kwetu siku hizi kila mwenye jembe anapanda parachichi. Nilipojaribu kubisha, akaniuliza mara ya mwisho nimepalilia kahawa lini. Jibu lilikuwa darasa la saba, na hata wakati ule nilijifanya naumwa tumbo.

Sikutaka ile mibuni ing'olewe. Mama alikuwa na mwaka wa sita tangu afariki, nyumba ilishaezekwa upya, ng'ombe wameuzwa, na shamba lile ndilo kitu pekee nilichokuwa nikienda nyumbani nakikuta kama nilivyokiacha. Hilo sikulisema kwenye simu. Katika familia yetu mambo ya namna hiyo hayasemwi, watu wananunua mashine.

Inabidi mjue kwamba baba amelima kahawa tangu kabla sijazaliwa na alikuwa hajawahi kuionja. Wala hakuwa peke yake. Kahawa ilikuja nyumbani ikiwa nyekundu, tukaimenya, tukaiosha, tukaianika, tukachambua moja moja mpaka macho yakauma, halafu ikaenda kuuzwa chama cha msingi cha ushirika na sisi tukanywa chai ya maziwa. Kwa watu wetu, mkulima kunywa kahawa ni sawa na fundi majeneza kujilaza ndani ya bidhaa yake. Nilipomwomba baba debe moja la kahawa ya maganda alinipa, lakini aliuliza kwanza nani anaumwa.

Basi mpango wangu ukawa huu. Baba alikuwa na siku ya kliniki ya macho Peramiho, na angelala kwangu Mjimwema. Asubuhi ningempa kikombe cha kahawa yake mwenyewe, iliyotengenezwa kwa heshima zote. Angeonja, angepigwa na butwaa, angegundua utajiri aliokuwa akiupeleka kwenye mizani miaka yote, na mibuni ingepona. Nauandika hivi ulivyokuwa ili mwone kwamba nilisoma mpaka chuo.

Mashine ilifika na basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya boksi kubwa kuliko jiko letu la gesi. Ilikuja na kijitabu cha lugha kumi na kitu, Kiswahili kikiwa hakimo, na picha ya mwanamke anayetabasamu huku akibonyeza kitufe. Mimi sijawahi kutabasamu mbele ya mashine ile. Ilitaka maji yaliyochujwa, meza isiyotikisika, umeme usioyumba na mtu wa kuipangusa pua kila baada ya kazi. Mume wangu akaiita mgonjwa. Akitoka kazini alikuwa anauliza, mgonjwa ameamkaje.

Kukaanga nilijifunza upesi, baada ya kuunguza kikaango cha kwanza kwa kusahau kwamba maganda hutolewa kabla. Kazi ilikuwa kusaga. Mashine ya kusagia kahawa sikuwa nayo, kwa kuwa akili yangu yote iliishia kwenye ile kubwa. Nikatwanga kwenye kinu. Ikatoka chenga, maji yakapita katikati yake mbiombio, yakaingia kikombeni yakiwa na rangi ya chai ya msibani. Kijitabu kilisema kahawa isagwe laini. Na Mjimwema, mtu akitaka kitu kilainike, anakipeleka mahali pamoja tu.

Mwenye mashine ya kusaga mahindi alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa sharti niwahi kabla ya wateja, kahawa iwe kilo moja, na kikitokea chochote yeye hanijui. Nikawahi. Ilisagwa kwa muda mfupi kuliko salamu zetu, nikapokea mfuko wa moto unaonukia mtaa mzima. Nilirudi nyumbani kwa majivuno ambayo leo nikiyakumbuka nasikia aibu shingoni.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama mmoja mkubwa anayeheshimika, na ndoo yake ya mahindi yaliyokobolewa. Kilichobaki kwenye kinu cha mashine kilitoka na unga wake. Nyumba yake ilikula ugali wa rangi ya udongo siku mbili, kwa sababu unga haumwagwi, na kwa maelezo yake mwenyewe mume wake alikaa macho akihesabu mabati mpaka jogoo wakawika. Jumamosi kwenye sala ya jumuiya, baada ya nia za wagonjwa na marehemu, aliomba tumwombee pia mwenzetu mmoja aliyeanza majaribio. Watu wote wakaitikia, nami nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini deni la mashine ya kusaga lilikuwa halijaisha. Kama kahawa yangu ilivyoingia kwenye unga wa mwenyekiti, ndivyo unga wa watu wa jana yake ulivyokuwa umeingia kwenye kahawa yangu. Niliijaza kwenye kile kikombe cha chuma chenye mpini, nikashindilia kama kijitabu kinavyoagiza, nikabonyeza. Mgonjwa akaguna. Akatetemeka. Ndani yake, kwa joto na mgandamizo wa kutoka Ulaya, nilikuwa napika uji. Ulipokosa njia ya chini ukapita pembeni, kwa kishindo, na mpaka leo kwenye siling'i bodi ya jikoni kwangu kuna ramani ya kahawia ambayo wageni wanadhani ni paa linavuja. Mume wangu aliingia, akatazama juu, akatazama chini, akaniuliza kama nimeumia. Nilipomwambia hapana, ndipo alipoona ni salama kucheka. Alicheka hadi akakaa.

Siku tatu kabla baba hajafika, nilirudi kwenye kinu. Nikatwanga, nikachekecha kwa chekeche la unga, chenga nikazirudisha, nikatwanga tena, nikachekecha tena. Kikombe kimoja kilinigharimu asubuhi nzima na malengelenge mawili. Ila safari hii maji yalishuka polepole, meusi, mazito, na juu yake kukakaa povu la rangi ya asali. Nilionja nikiwa nimesimama. Ilikuwa nzuri. Nilifurahi mpaka nikampigia simu mume wangu kazini, akasema pole.

Baba alifika Ijumaa jioni akitoka kliniki, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akala, akalala. Asubuhi nikamkalisha mezani jikoni. Nilikuwa nimetandika kitambaa. Nilikuwa nimeagiza maziwa ya asubuhi kutoka kwa jirani anayefuga ng'ombe kule Mshangano, ili akishashangazwa na ile nyeusi nimshangaze tena kwa kapuchino. Na nilikuwa nimeandaa hotuba, fupi, juu ya thamani ya mibuni.

Mashine ikanguruma. Baba akaitazama kwa adabu, kama anavyowatazama wahubiri wa madhehebu mengine. Nikaweka kile kikombe kidogo mbele yake nikamwambia, baba, hii ni yako, ya shambani.

Akakiinua mpaka puani. Hakunywa. Akakirudisha mezani.

"Harufu hii naijua," alisema.

Nikamwambia haiwezekani, labda anaifananisha na kitu kingine, kwetu hakuna aliyewahi kukaanga kahawa. Tayari nilikuwa naelekea kwenye hotuba.

"Mama yako alikuwa anakaanga. Ninyi mko shule za bweni. Kiganja kimoja tu, Jumapili, mimi nikiwa misa ya kwanza. Nikirudi nakuta amefungua madirisha yote, ananiuliza padre amehubiri nini."

Sikujua kitu hicho. Nilidhani namjua mama yangu, na nilikuwa naambiwa habari zake mpya jikoni kwangu, mwaka wa sita tangu tumzike.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nikamwambia kahawa ni ya kuuza." Alikuwa anakizungusha kikombe kwa kidole kimoja. "Hakukaanga tena."

Kisha akanywa. Alimaliza kwa mafunda mawili, kama dawa, na uso wake ukakunjamana wote. Nilingoja. Mashine nayo ilikuwa inatoa mvuke wake wa mwisho, bila kuombwa.

"Ni mbaya, mama," aliniambia. "Chungu. Sasa yeye alikuwa anapenda nini humu?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Akafuta mdomo kwa kiganja. Akasema parachichi atapanda, miche ameshaiweka oda, mistari ya bondeni yote inang'oka mwezi wa tisa. Ile michache ya nyuma ya jiko, ambayo mama alikuwa anaichuma mwenyewe, ataiacha. Aliyasema haya akitazama ukuta. Kapuchino nilipoitaja alikataa kwa mkono. Hotuba ilibaki kifuani na haikuhitajika, maana hakuna neno langu hata moja lililookoa mibuni ile, wala mashine yangu haikuokoa kitu.

Nikamuuliza kama nimletee chai.

"Baadaye. Kahawa mbichi imebaki?"

Ilikuwa imebaki kidogo, chini ya debe, nilishaikoboa.

"Kaanga," alisema. "Sinywi. Kaanga tu."

Nikaichomoa mashine kwenye umeme, nikawasha jiko la mkaa, nikabandika kikaango. Nikaweka kiganja kimoja. Baba alivuta kiti akakaa karibu, mikono juu ya magoti. Nikageuza kwa mwiko mpaka zikaanza kupasuka, moshi ukatanda, macho yakaniwasha, na nikashukuru kwa hilo kwa sababu nilikuwa nalia. Moshi ulipozidi niliinuka kwenda dirishani.

"Acha," baba akasema. "Usifungue."