Furushi Nililokataa Kulifungua

Mahema yalifika shuleni kwetu juu ya mkokoteni wa ng'ombe, yamekunjwa vibaya, yananuka ukungu na mafuta ya taa. Yalikuwa ya askari waliorudi kutoka vitani. Yakauzwa, yakazunguka, mwisho yakatufikia sisi wasichana wa Shinyanga. Tukaambiwa tutakwenda kupiga kambi kwenye vilima vya Geita, upande wa machimbo ya dhahabu. Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka hata pantoni. Niliitaka safari ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikumwambia mtu, maana mimi si mtu wa maneno.

Mwalimu wetu wa kike alisimama mbele ya darasa akatutajia vya kubeba: blanketi, sahani ya bati, kikombe, kijiko, sabuni, mswaki, sweta, gauni la kubadili.

"Vya lazima tu," alisema. "Furushi moja kila mtu. Kisichotajwa kibaki nyumbani. Na mwalimu mkuu atakagua mwenyewe."

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamume, na orodha ile aliipata kwa wenzake wa shule ya wavulana waliotangulia kupiga kambi. Sisi tukasomewa ileile, gauni tu likakaa mahali pa kaptula. Nilingoja mwenzangu mmoja anyooshe kidole, aulize lile ambalo kila mmoja wetu alikuwa akiliwaza. Hakunyoosha mtu. Mimi hata ruhusa ya kwenda chooni huwa siombi, nabana mpaka kengele.

Nyumbani Ngokolo nilimkuta Mama anabangua karanga. Nikamwambia tulivyotajiwa.

"Na siku zako je?"

"Hazikutajwa, Mama."

"Hazikutajwa! Kwani huwa zinangoja kutajwa?"

Akaingia ndani, akatoka na kaniki yake kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama sikio la mbuzi. Akaichana vipande, akavikunja, akavitia katika kimfuko alichokishona kwa gunia la unga.

"Blanketi utamwomba mwenzako mkafunikana," alisema. "Hiki huazimi, ng'wanone, mwanangu. Weka hiki kwanza, mengine yafuate."

Nieleze hapa, kwa sababu ndipo penye mambo yote. Tangu nilipovunja ungo, Bibi alinifundisha kwamba vitambaa hivi hufuliwa peke yake, huanikwa chini ya nguo nyingine, na havionwi na mwanamume, awe baba, awe kaka. Kwetu ukiona khanga kavu kwenye kamba, usiifunue. Mwanamume akiviona, ni kama amekuvua nguo wewe mwenyewe. Bibi hakuwa na mzaha katika hilo.

Juu ya kimfuko Mama aliongeza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ingawa navyo havikutajwa.

Asubuhi ya safari tulipanga mstari karibu na lori. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa akitazama matairi. Taniboi wake ameegemea mlango anatafuna muwa. Mwalimu mkuu alikuja na fimbo yake, mwalimu wa kike nyuma yake. Amri ikawa kila msichana afungue furushi lake chini, mbele ya wote.

Rafiki yangu wa dawati moja alinisogelea. "Mimi nimejifunga vyangu tumboni," akanong'ona. "Naonekana mjamzito, lakini afadhali."

"Mimi nimevitia ndani."

"Mungu wangu. Basi wewe umekwisha."

Msichana aliyenitangulia alifungua lake. Fimbo ikachokoa, ikaitupa michembe yake kwa kuku. "Tunakwenda kambini au tunakimbia njaa?" mwalimu mkuu akauliza, na taniboi akacheka. Ikafika zamu yangu.

"Fungua."

Sikufungua.

"Wewe, husikii?"

"Sifungui, mwalimu." Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Umeficha nini humo? Barua za wavulana?"

"Hapana."

"Au pombe ya kuwauzia wachimba dhahabu?"

Taniboi akacheka tena. Ncha ya fimbo ikaingia kwenye fundo la furushi, ikaanza kuliinua. Nikalikalia. Ndiyo, nilikaa juu yake na gauni langu la shule, miguu mavumbini, nikashika magoti.

Mwalimu wa kike akachuchumaa. "Binti, niambie mimi. Sikioni."

Nilimtazama machoni nikaona anajua. Alijua tangu siku ile alipotutajia vya kubeba, kwa sababu naye ni mwanamke na mwezi humfikia. Alitaka nimnong'oneze yeye, yeye amnong'oneze mwalimu mkuu, na mambo yabaki vilevile. Hapo ndipo aibu yangu ilipogeuka hasira.

"Ni vitambaa vya mwezi," nikasema, na mstari mzima ukasikia. "Havikutajwa kwa sababu wavulana hawana. Sisi tunavyo."

Taniboi alipasuka kwa kicheko. Dereva akamzaba kofi la kisogo. "Mama yako wewe alikuokota wapi, mpumbavu?"

Mwalimu mkuu alikuwa ametoa macho. "Huna haya!"

"Ninayo, mwalimu. Ndiyo maana sifungui."

"Omba radhi, la sivyo hupandi."

"Sijakosa."

Nyuma yangu nikasikia nguo zikivutwa na mafundo yakikazwa. Wenzangu, waliokuwa wamekwisha kulegeza mafurushi yao wakingoja zamu, walikuwa wanayafunga upya. Si wote. Wawili watatu walitazama chini. Lakini rafiki yangu, yule mwenye tumbo la vitambaa, alisema waziwazi, "Langu nalo limefungwa, mwalimu."

"Mzee," dereva akaingilia, "pantoni haitungoji tumalize mafundo."

Mwalimu mkuu alilitazama jua, akautazama mstari. "Pandeni," alisema. Kisha akaninyooshea fimbo. "Wewe nitakuchapa ukirudi."

"Nikirudi nitakuwa nimekwenda," nilijibu. Nisijisifu bure: nilijibu alipokwisha kugeuka, na aliyenisikia ni rafiki yangu tu. Alicheka mpaka vitambaa vikamlegea kiunoni.

Geita mvua ilitukuta siku ya kwanza. Maji yaliingia chini ya hema yakabeba sahani za bati kama bata, kwa sababu katika vyote tulivyotajiwa hakikuwamo hata kijembe kimoja cha kuchimbia mtaro. Tulichimba kwa vijiko. Siku zangu nazo zilikuja hukohuko, bila kungoja kutajwa, na blanketi langu lilipolowa nikafunikwa na la mwenzangu. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Tuliporudi, mwalimu mkuu hakusahau. Aliniita mbele ya darasa akanichapa mikononi. Kisha akauliza, "Sasa, una la kusema?"

Alitaka radhi. Darasa zima lilijua anataka radhi.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Hema linataka jembe."

Akaongeza viboko. Vidole vyangu bado vimevimba, kalamu inaniuma. Radhi sikuomba, wala hapa ninapoandika siombi.