Dakika Saba za Khatib

Khatib Masoud wa Kengeja ana saa kumi na moja za mkono, zote za kutia ufunguo. Kazi yake ni kuziba pancha na kunyoosha ringi za baiskeli, na girisi imemwingia hadi kwenye mistari ya viganja. Lakini kabla hajagusa saa hukosha mikono kwa sabuni na ndimu.

Ukimuuliza anazipendea nini, hatakutajia bei wala jina la kampuni. Atakubandika saa sikioni. "Sikiliza. Ya betri mshale wake unaruka, kama mtu anayehesabu bila kupenda. Huu unateleza." Kisha ataigeuza akuoneshe, nyuma ya kioo, utepe wa chuma mwembamba kama unywele, unaojikunja na kujikunjua. Asipoitia ufunguo asubuhi, itasimama. Watoto wake wote wameshahama, na vitu vinavyomhitaji kila siku si vingi.

Kipenzi chake kati ya hizo kina uso mweupe uliogeuka rangi ya tui. Msikiti wao umezibwa na minazi, machweo hayaonekani, kwa hiyo kila Ramadhani Khatib huitazama saa hiyo, huitazama ratiba ukutani, kisha huadhini magharibi. Watu wana simu mifukoni, lakini hungoja sauti yake ndipo watie tende mdomoni.

Mwaka huu, Jumatatu asubuhi, redio ilipotangaza saa mbili kamili, saa yake ilikuwa imezidi dakika saba.

Aliilinganisha mara ya mwisho Ijumaa. Imeanza kukimbia lini? Kama ni Ijumaa ileile, basi juzi na jana ameadhini jua lingali juu, na watu sitini wamefungua kabla ya wakati. Wengine ni wazee wanaofunga kwa tabu, na siku hizo itabidi wazilipe.

"Si nilikwambia utazame na simu?" alisema Saada, mkewe. "Unaogopa itakuuma?"

Khatib alikuwa ameshaanza kuvaa kanzu. Saada akaacha mzaha. "Haya, Baba Nadhira. Nenda kawaambie."

Akaanzia nyumba ya karibu, kwa Mjaka, mkwezi wa minazi, aliyekuwa uani akifua nazi.

"Mjaka, saumu zenu zimeharibika. Mharibifu ni mimi."

Akamweleza yote. Mjaka akaacha nazi imechomekwa kwenye kifuo, akacheka.

"Jana, ami? Jana miye nilikuwa juu ya mnazi wa Bi Mwatum, naangusha madafu ya futari. Jua limezama nalitazama. Nikashuka, nikafunga madafu, nikatafuta ndala yangu moja, nikaiona, ndipo nikakusikia. Nikasema, yakhe, leo huyu mzee kalala?"

"Lilizama lote?"

"Lote. Hata ukingo haukubaki."

"Wallahi?"

"Wallahi, na mdomo wangu umefunga."

Saa inayokimbia huzidi kila siku. Ikiwa jana ilikuwa salama, juzi pia. Basi imeharibika baada ya adhana ya jana. Hapo Khatib akakumbuka: alipomaliza kuadhini aliivua ili akoshe mikono, akaiweka juu ya spika ya msikiti. Spika ina sumaku, na ule utepe ukishapata sumaku hunatana, saa ikaenda mbio. Fundi wa Chake Chake anacho kidude cha kuitoa hiyo sumaku.

Khatib akakaa juu ya makumbi ya nazi.

"Umeshamwambia nani mwengine?" Mjaka aliuliza.

"Wewe wa mwanzo."

"Alhamdulillahi! Ungeanzia kwa Bi Mwatum, saa hii Kengeja nzima ingekuwa inapanga siku za kulipa."

Khatib alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa kanzu.

"Hebu nisimulie tena," alisema. "Anzia ulipokuwa juu."