Siku Ambayo Sikuzima Mashine

Mbwa hakuwa wangu. Alikuwa wa mdogo wangu, aliyemchukua akiwa kijibwa kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa Juja aliyekuwa akihama hosteli. Ni wale mbwa wadogo weupe ambao manyoya yao hukua bila kukoma kama nywele za mtu. Yasiponyolewa hushikana mafundo na kuvuta ngozi. Kila Jumamosi mdogo wangu alimwosha kwenye karai nje ya nyumba yake, Kahawa Wendani, kisha akamchana huku akiimba nyimbo za kanisa. Mbwa alitulia tu, macho yamefumbwa nusu.

Saratani ilipompata, niliwaleta kwangu Kimbo, yeye na mbwa wake. Dawa zikaanza kumtoa nywele. Kila asubuhi zilikuwa zimejaa kwenye mto. Siku moja akaniambia, "Ninyoe zote. Nimechoka kuziokota."

Niliazima mashine kwa kinyozi wa pale steji. Nikamketisha kwenye stuli jikoni, nikamfunga leso mabegani. Mbwa alilala miguuni pake.

Tulianza tukicheka. Nilipofika nusu, akajiona kwenye kioo cha dirisha.

"Ngoja kwanza," akasema. "Zima kidogo."

Sikuzima. Nilijua nikizima nitalia, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hataniona nikilia. Nikamwambia, "Imebaki kidogo tu, vumilia," nikamshika kichwa kwa mkono wa kushoto na kuendelea. Akalia bila sauti. Mbwa akainuka, akabweka, akaniuma kifundo cha mguu. Nikampiga teke. Nikamaliza kunyoa.

Hakunilaumu. Hata alinishukuru, akajipapasa kichwa na kusema sasa anahisi baridi. Haikupita miezi mitatu tukamzika.

Mbwa akabaki na mimi. Akiona kitana tu, alikuwa akijipenyeza nyuma ya friji. Manyoya yakashikana hadi akaanza kuchechemea. Nilimpeleka mahali fulani Ruiru panaponyolewa mbwa, wanaume wawili wakamfunga mdomo na kumkandamiza mezani. Mashine ilipowashwa akajikojolea. Wakanirudishia akiwa vilevile. "Huyu ni kichwa ngumu, madam," mmoja akasema.

Nilimbeba hadi kwenye gari nikijua vizuri kwamba si kichwa ngumu.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mama mmoja wa Thika, anayenyoa mbwa katika chumba kilicho nyuma ya nyumba yake. Siku ya kwanza hakumgusa. Aliketi sakafuni na kopo la maini ya kuchemsha, akawa anamrushia kipande kimoja kimoja bila kumwangalia.

"Leo hatunyoi," akaniambia. "Leo amekuja kula tu."

Tulienda hivyo wiki nne. Alinipa pia kazi ya nyumbani. Kwanza niweke mashine sakafuni ikiwa imezimwa, na maini kando yake. Mbwa akishazoea, niiwashe chumba kingine, mlango umefungwa, nimlishe ikinguruma. Ikizimwa, maini yaishe. Kisha nifungue mlango kidogo. Kisha niisogeze hatua moja. Akiogopa, nirudi nyuma, nisimsukume.

Nilinunua mashine. Mara ya kwanza kuiwasha pale nyumbani, mbwa alikula maini yake yote. Mimi ndiye niliyelazimika kutoka nje.

Wiki ya tano, yule mama alisema tujaribu kunyoa, tuanze na shingo. Akatandika mkeka wa mpira mezani ili miguu isiteleze. "Sikiza," akaniambia. "Akigeuza kichwa ama ajirambe midomo, tunazima. Hata kama imebaki unywele mmoja."

"Na akizoea kutuzimisha kila saa?"

"Akijua utazima, hana haja ya kukuuma."

Akaiwasha. Mbwa akajiramba midomo. Akaizima. Tukangoja. Huko nje mtu alikuwa akifua, nikisikia maji yakimwagwa. Baada ya muda mbwa akarudisha kichwa mwenyewe, akakilaza kwenye kiganja cha yule mama. Akaiwasha tena. Mara sita hivi, pengine saba, aliombwa azime, na kila mara alizima.

Sijui ni mara ya ngapi nilipoanza kusema. Nilimweleza yote: stuli, dirisha, mkono wangu wa kushoto. "Aliniambia nizime," nikasema. "Kitu kimoja tu aliniomba siku hiyo. Zima kidogo."

Hakuniambia pole, wala kwamba sikuwa na makosa. Aliweka mashine chini, mkono mmoja ukiwa bado mgongoni mwa mbwa.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Nikamtajia jina. Sikuwa nimelitamka tangu makaburini. Mbwa alilijua. Alisimamisha masikio, akatazama mlangoni, akaendelea kutazama kwa muda mrefu. Hapo nililia kama ambavyo sikuwahi kulia, mbele ya mtu nisiyemjua vizuri, nikiwa na vipande vya maini mkononi.

Nilipotulia, yule mama alikuwa ameendelea na kazi polepole, na mbwa alikuwa amelala, mwili karibu wote umenyolewa, mwembamba kuliko nilivyodhani. Yule mama akaninyooshea mashine. "Umebaki mguu huu wa nyuma. Malizia wewe."

Nikaiwasha, nikaisogeza polepole. Mbwa akafungua macho, akaniangalia, akageuza kichwa.

Nikazima.

Tulingoja sana. Hakukirudisha kichwa. Nilimfuta masikio kwa kitambaa, nikamshukuru yule mama, tukaondoka.

Tulipofika Kimbo, jirani yetu alikuwa akianika nguo langoni. Akamwangalia mbwa, akacheka. "Ngai! Mbona wameacha mguu mmoja?"

"Alikataa," nikamwambia.